Nimesoma Kifaransa Makerere, baba mdogo ananitaka mpakani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 23, mzaliwa wa Bwera, wilaya ya Kasese. Niko mwaka wa mwisho Makerere, nasoma Kifaransa pamoja na isimu. Imebaki mitihani tu. Baba alifariki nikiwa sekondari, na tangu hapo karo yangu inatoka kwa baba mdogo, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kasese mjini. Hajakosa kulipa hata muhula mmoja, lakini pia hajakosa kuuliza: "Hicho Kifaransa utamuuzia nani?" Krismasi iliyopita aliuliza mbele ya ukoo mzima. Watu wakacheka, nami nikacheka nao ili yaishe.

Sasa kila mtu ananivuta upande wake. Mhadhiri wangu mmoja anasema niunganishe na stashahada ya uzamili ya ualimu, nikafundishe. Rafiki yangu wa hosteli amenikutanisha na bwana anayedai ana watu wake ndani ya ofisi za Umoja wa Mataifa Entebbe, eti wanatafuta wasichana wanaojua Kifaransa. Anataka laki sita "za kusajili faili". Na baba mdogo amezungumza na rafiki yake mwenye kampuni ya uwakala wa forodha pale Mpondwe, mpakani na Congo. Wako tayari kunipokea nikimaliza tu, kwa laki tatu kwa mwezi na chakula cha mchana.

Kusema kweli, Shangazi, hiyo ya Mpondwe inaniuma. Nimekulia palepale. Utotoni nilikuwa nawauzia karanga madereva wa malori. Nimekwenda Kampala, nimesoma fasihi ya watu, halafu nirudi kukaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi nikihesabu mifuko ya saruji? Wenzangu darasani wanaota Paris na Geneva, wengine Montreal.

Mwaka huu nimetuma maombi mengi, hata ya intanshipu isiyo na malipo. Kimya. Shirika moja tu lilinipigia simu nikiwa ndani ya taksi, mtu akaanza kumwaga Kifaransa bila hata salamu. Nilibabaika mpaka akakata. Nimekuambatishia wasifu wangu, labda kasoro iko huko. Nisaidie, nifuate lipi?

Binti wa Bwera, Kampala

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na hilo la haraka. Huyo bwana wa laki sita usimpe hata nauli ya boda. Umoja wa Mataifa hautozi ada yoyote, katika hatua yoyote ya kuajiri. Nafasi zake hutangazwa kwenye tovuti yake ya ajira, na kila mwombaji hufungua akaunti yake na kujaza fomu mwenyewe. Hakuna faili la kusajiliwa kwa mkono wa mtu wa kati. Kama rafiki yako ameshalipa, asifute ujumbe wa simu wala rekodi ya muamala, apeleke polisi. Na wewe punguza kidogo kukutanishwa na watu.

Sasa wasifu wako. Umepangwa vizuri, hauna makosa ya herufi, picha ni safi. Kwenye sehemu ya lugha umeandika Kiingereza na Kifaransa, basi. Nimeupekua mara ya pili nikitafuta Kiswahili, sikukiona. Wewe umeniandikia barua nzima kwa Kiswahili kisichokwama popote! Lhukonzo nacho hakipo, na ni lugha ya nyumbani kwenu. Nadhani najua sababu. Kampala bado wapo wanaosikia Kiswahili wakafikiria kambi ya jeshi au mwizi wa usiku, na msichana wa chuo kikuu hataki kunuka kambi. Lakini kwa kuzifuta hizo lugha mbili umekifanya Kifaransa chako kiwe yatima.

Fikiria unashindana na nani. Kampala hii ina Wakongomani na Warundi waliosomeshwa kwa Kifaransa tangu shule ya msingi. Kwa Kifaransa kitupu hutawashinda, hata ukipata alama za juu kabisa. Lakini wengi wao wakiambiwa waandike ripoti ya kurasa mbili kwa Kiingereza wanahangaika. Wewe huhangaiki. Kisha mchukue mfanyabiashara wa Butembo aliyekuja Kampala kununua bidhaa Kikuubo. Nyumbani anazungumza Kinande, ambacho wewe Mkonzo unakielewa bila mwalimu. Bei anazipatana kwa Kiswahili. Karatasi zake za upande wa Uganda ni za Kiingereza, na za upande wa Congo ni za Kifaransa. Mzigo mmoja, lugha nne, na zote nne ziko mdomoni mwako. Watu wa namna hiyo si wengi, na hawapatikani Geneva.

Ndiyo maana nasema soko lako ni Congo. Hizo ndoto za Paris sizidharau, ila Ufaransa ina Wafaransa wa kutosha. Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na mwaka mmoja kabla yake wakuu wa nchi wa Jumuiya walikuwa wamekubali Kifaransa kiwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza na Kiswahili. Makaratasi ya Arusha huenda polepole, hilo tunalijua, lakini malori hayasubiri Arusha. Saruji, mabati, mafuta ya kupikia na sabuni vinavuka kila siku kutoka kwetu kwenda kule.

Kwa hiyo, nenda Mpondwe.

Usinune, nisikilize kwanza. Kwenye kazi ya forodha, kuhesabu mifuko ni sehemu ndogo tu. Uzito wake uko kwenye karatasi. Lori la mafuta ya kupikia linafika na ankara ya Kiingereza. Ng'ambo, Kasindi, ofisa wa DGDA, idara ya forodha ya Congo, anataka tamko la Kifaransa, na kila kitu kioane: facture commerciale (ankara ya biashara), liste de colisage (orodha ya vifurushi), cheti cha asili ya bidhaa, uzito wa jumla (poids brut) na uzito halisi (poids net), thamani ya CAF, yaani bei ya mali ukijumlisha bima na usafirishaji. Mtu akichanganya poids brut na poids net, au akaandika katoni pahali pa madumu, lori linalala. Likilala, dereva anadai posho, mwenye gari anadai malipo ya siku zilizopotea, na mwenye mali anapiga simu akipayuka kwa lugha tatu. Anayeweza kuikamata ile karatasi saa nne asubuhi, akaona kosa kabla halijavuka daraja, na akampigia ofisa wa Kasindi wakaelewana kwa adabu, huyo hata tajiri wa kampuni humvutia kiti. Kuna jambo jingine litakalokufurahisha: mfumo wa kompyuta wa forodha wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, uitwao ASYCUDA, ndio huohuo wanaoutumia Wakongomani, ila wao wanauita Sydonia. Ukiujua upande mmoja, wa pili ni suala la msamiati, na msamiati ndio uliousomea.

Huko pia utakutana na Kifaransa ambacho hukukikuta darasani. Sabini na tano, ninyi mmefundishwa kusema soixante-quinze. Mkongomani, kwa urithi wa Wabelgiji, atakuambia septante-cinq, na tisini kwake ni nonante. Kwenye riwaya haidhuru. Kwenye bei ya shehena, ukisikia vibaya umemtia mtu hasara.

Ila usiende kama mtoto wa ndugu aliyepewa pa kujishikiza. Nenda na masharti. Omba mkataba wa maandishi wa mwaka mmoja kabla hujaanza. Cheo kiandikwe ofisa wa nyaraka. "Msaidizi wa ofisi" ukikikubali, utajikuta unachemsha chai huku Kifaransa kikiozea kichwani. Laki tatu ni kidogo. Ichukue kwa miezi mitatu ya majaribio na muafikiane sasa hivi itapanda kufika ngapi baada ya hapo. Waulize kama watakulipia kozi ya cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kwa sababu kile cheti ni chako, hata ukihama utaondoka nacho. Na kazi yako iwe upande wa Uganda. Ng'ambo iwe kwa simu, au uvuke mchana na urudi mchana. Wewe wa Bwera sihitaji kukufundisha habari za usalama wa kule. Juni 2023, waasi walipovuka na kuua wanafunzi Mpondwe, hatujaisahau.

Kuhusu baba mdogo, swali lake ni swali la mfanyabiashara, na halikustahili kicheko cha ukoo wala aibu yako. Lijibu kibiashara. Ana duka la vifaa vya ujenzi Kasese, nami nakataa kuamini kwamba hajawahi kupata mteja wa Congo anayetaka mabati. Likizo hii kaa dukani siku mbili tatu. Akija mteja wa namna hiyo, mwandikie ankara kwa Kifaransa, safi, yenye uzito na idadi, iwe tayari kwa Kasindi. Baba mdogo ataona mwenyewe mteja anavyoipokea. Watu waliolipa karo miaka yote hiyo wana haki ya kuonyeshwa walichokinunua.

Hebu sasa tuirudie Entebbe, maana ndoto yenyewe si ya kijinga, tapeli ndiye wa kuepukwa. Pale kuna kituo cha huduma cha Umoja wa Mataifa kilichoanza mwaka 2010. Kinashughulikia mishahara, safari na mafao ya wafanyakazi wa misheni za kulinda amani, zikiwemo MONUSCO ya Congo na MINUSCA ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kifaransa kinatumika kweli, kila siku. Lakini angalia kazi zenyewe: hesabu, rasilimali watu, tiketi na madai ya fedha. Hata nafasi za ngazi za chini huomba miaka kadhaa ya uzoefu. Mhitimu mwenye shahada ya Kifaransa na mikono mitupu hapiti hata kwenye mchujo wa kwanza. Mwenye mwaka mmoja au miwili ya nyaraka za mizigo, anayejua ankara na malipo kwa lugha mbili, ana cha kuandika kwenye ile fomu. Ndiyo maana nimekupeleka Mpondwe kwanza. Pia ujue misheni nazo hupungua: MONUSCO iliondoka Kivu Kusini Juni 2024.

Mashirika ya wakimbizi ni hivyohivyo. Uganda ina wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na Wakongomani ni kundi la pili kwa ukubwa baada ya Wasudani Kusini. Makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, Rwamwanja, Kyangwali na Nakivale yanahitaji watu wa kukaa mezani na mama aliyetoka Ituri jana, kumsikiliza kwa Kiswahili, kusoma cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichoandikwa kwa Kifaransa, kisha kuandika maelezo kwa Kiingereza. Unaona tena huo mchanganyiko wa lugha zako? Tatizo ni kwamba tangu Marekani ilipokata misaada mwanzoni mwa 2025, mashirika mengi yamepunguza wafanyakazi, na sasa unagombea nafasi moja na watu waliokuwa kazini miaka mitano. Huenda ukimya unaoupata umetokana na hilo kuliko wasifu wako. Endelea kuomba, ila badilisha unavyotafuta. Ukiandika "Kifaransa" kwenye kisanduku cha kutafutia kazi, utaletewa ualimu na ukalimani tu. Fungua matangazo ya ofisa wa usajili, msaidizi wa ugavi, karani wa malipo, uyasome mpaka chini kabisa, pale wanapoandika kwamba Kifaransa kitaongeza sifa. Wenzako wengi hawafiki mstari huo.

Ualimu siupingi. Lakini katika barua yako nzima hukutaja mtoto wala darasa hata mara moja. Mhadhiri ndiye aliyetaja. Ukiamua baadaye, utahitaji hiyo stashahada ya uzamili na usajili wa ualimu, na shule za serikali huajiri kupitia Tume ya Utumishi wa Elimu. Shule nyingi za binafsi zina vipindi vichache vya Kifaransa na hulipa kwa saa. Kinachotafutwa zaidi ni Kiswahili: mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza 2020 ulikifanya somo la lazima S.1 na S.2, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, wakati walimu hawatoshi. Uliza chuoni kama unaweza kukiongeza katika masomo yako ya kufundishia. Mwenye Kifaransa na Kiswahili pamoja hujaza ratiba katika shule moja, hazunguki na boda kati ya shule tatu.

Utalii, sawa, Rwenzori iko mlangoni kwenu na waongozaji wanaozungumza Kifaransa hulipwa vizuri zaidi, lakini ni kazi ya msimu. Kuhusu TotalEnergies na mafuta ya Buliisa, usidhani kampuni ikiwa ya Kifaransa basi inaajiri kwa Kifaransa. Inatafuta mafundi na wahandisi kwanza. Ukalimani wa mikutano ni kazi nzuri yenye heshima, ila ina shule yake: Chuo Kikuu cha Nairobi wana shahada ya uzamili, na mtihani wao wa kuingia hupimwa kwa masikio na ulimi. Na wa Montreal, waambie Canada huwapa pointi za ziada wanaofaulu Kifaransa kwenye mtihani wa TEF au TCF wa Canada, matokeo yakidumu miaka miwili. Maombi unajaza mwenyewe mtandaoni, kwa hiyo huko pia wakala wa laki sita hana kazi.

Nimalizie na ile simu ya kwenye taksi, maana hapo ndipo ninapoona udhaifu wako wa kweli. Miaka mitatu umesoma Kifaransa kwa macho. Waajiri wanalijua hilo, ndiyo maana wanapiga bila kubisha hodi. Kwanza, una haki ya kuahirisha. Sema kwa utulivu: Je suis en route, puis-je vous rappeler dans dix minutes ? (Niko njiani, naweza kukupigia baada ya dakika kumi?) Huwa inakubalika, na hiyo sentensi moja tayari imewaonyesha kwamba unazungumza. Pili, tafuta watu wa kuongea nao. Nsambya na Katwe wamejaa Wakongomani wanaotamani Kiingereza kuliko chakula. Mbadilishane: saa moja Kiingereza, saa moja Kifaransa, hakuna anayemlipa mwenzake. Tatu, sikiliza habari ileile mara mbili. RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, na Radio Okapi ya Congo zote zina Kifaransa na Kiswahili, kwa hiyo usipoikamata kwa lugha moja utaikamata kwa nyingine, na utazoea lafudhi ya Congo unayokwenda kuifanyia kazi.

Na ukifanya kazi miezi michache, weka akiba ya DELF B2, mtihani wa cheti cha Kifaransa. Alliance Française ya Kampala ndiko pa kuuliza tarehe na ada. Ni alama 100, sehemu nne za alama 25 kila moja: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuzungumza. Unahitaji 50 kupita, na ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umefeli hata kama jumla ni nzuri, kwa hiyo usitegemee kuandika kukubebe. Haiishi muda wake. Ukishaipata, ondoa neno "mzuri sana" kwenye wasifu, andika DELF B2 na mwaka. Chini yake weka Kiswahili, kuzungumza na kuandika, na Lhukonzo, lugha ya kwanza.

Hayo marekebisho ya Kiswahili na Lhukonzo yafanye leo kabla hujatuma kwingine, na huo mkataba wa Mpondwe ukishapewa nakala yake, nitumie niusome kabla hujatia sahihi.

Shangazi